Kitazamio Kikififia: Kutambua Maradhi ya Kamera za Zamani

Kamera iliyotengenezwa kwa chuma na kioo hudumu miaka mingi kuliko watu wengi wadhanivyo. Ziko kamera zilizotoka kiwandani zaidi ya miaka 60 iliyopita ambazo pazia lake bado hufunguka na kufungika sawasawa, na lenzi zake bado hutoa picha safi. Lakini katika aina moja ya kamera hizo kuna kiungo ambacho huzeeka mbele ya vingine. Kiungo hicho ni kitazamio, yaani kidirisha ambacho mpiga picha hukiwekea jicho lake kabla ya kubonyeza kitufe.

Aina hiyo ni ya kamera zenye kipimaumbali. Mtu akitazama ndani ya kitazamio chake huona, katikati kabisa, kiraka kidogo cha nuru, chenye umbo la mraba au la duara. Kwa kiraka hicho mpiga picha hupima umbali wa mtu au kitu anachokitaka. Kiraka kikififia hana njia nyingine ya kuhakikisha kwamba lenzi imewekwa sawa, kwa maana katika kamera hizi jicho halipiti ndani ya lenzi. Atamaliza filamu nzima ya picha 36, atalipia gharama za kuisafisha, na ndipo atakapoona kwamba nyuso za bwana na bibi harusi zimetoka kama moshi, bali ukuta ulio nyuma yao umetoka vizuri sana.

Hasara hiyo ni kubwa, lakini iko nyingine inayoizidi, nayo huletwa na haraka ya mkono. Mwenye kamera huona kitazamio kimefifia, akasema, "Ni vumbi tu." Huchukua bisibisi, hufungua kifuniko cha juu, hulowesha pamba kwa spiriti, akasugua kioo cha ndani mpaka king'ae. Kioo hung'aa kweli. Lakini kilichotoka na pamba si vumbi peke yake. Utando wa fedha uliofanya kile kiraka kionekane nao umetoka. Kamera iliyoona kwa shida sasa haioni kabisa, wala hakuna dawa ya kuurudisha utando huo isipokuwa kuweka kioo kingine. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, hapana budi kujua kwanza kamera inaugua nini. Jambo hili laweza kufanywa bila kufungua hata skurubu moja.

Jinsi kipimaumbali kinavyofanya kazi

Mtu akinyosha mkono mbele yake na kuinua kidole gumba, kisha akafumba jicho la kulia, halafu la kushoto, ataona kidole kinaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akikileta kidole karibu na pua, kitaruka zaidi. Akikitazama kilima kilicho mbali, hakitaruka hata kidogo. Sababu yake ni kwamba macho mawili yako mahali pawili, na kila jicho hukiona kitu cha karibu kwa pembe yake.

Kipimaumbali hufuata kanuni hiyo hiyo. Mbele ya kamera mna madirisha mawili yaliyoachana sentimita chache. Dirisha kubwa ndilo la kitazamio, ambalo jicho hutazamia moja kwa moja. Dirisha dogo hupokea picha ya pili, na picha hiyo hupigwa na kioo au prizimu, ikasafiri kwa ubavu ndani ya kamera mpaka ifike nyuma ya dirisha kubwa. Hapo hukutana na kioo cha ajabu kidogo, ambacho katika makala hii kitaitwa kioo nusu. Kimepakwa madini kwa wembamba kiasi cha kwamba sehemu ya nuru hupita na sehemu hurudishwa. Kila aliyesimama mbele ya kioo cha duka wakati wa magharibi amekwisha kuona jambo lenyewe: huona bidhaa zilizo ndani, na papo hapo huona uso wake mwenyewe. Basi jicho la mpiga picha huona picha mbili kwa pamoja, moja ikiwa imepita katika kioo nusu na nyingine ikiwa imerudishwa nacho ndani ya kiraka. Lenzi ikizungushwa, picha ya kiraka husogea. Picha mbili zikilaliana sawasawa, umbali umepatikana.

Chombo hiki hakikuanza hivyo. Leica ya kwanza, iliyoonyeshwa kwa watu mwaka 1925 huko Leipzig, Ujerumani, haikuwa na kipimaumbali ndani yake. Mpiga picha alikadiria umbali kwa macho au alichomeka kipimo cha peke yake juu ya kamera. Mwaka 1932 zilitokea Leica II na Contax ya kampuni ya Zeiss Ikon, ambazo kipimo chake kiliungwa na lenzi. Hata hivyo mtu alilazimika kuhamisha jicho, kwa kuwa kidirisha cha kupimia kilikuwa mbali na cha kutazamia. Contax II ya mwaka 1936 iliviunganisha viwili kuwa kimoja. Mwaka 1954 ikaja Leica M3, ambayo kitazamio chake kilikuwa kikubwa na cheupe kupita vilivyotangulia, chenye mistari angavu ya kuonyesha mipaka ya picha. Warusi na Waukraine walitoa Zorki, FED na Kiev, na baada yao Wajapani wakaujaza ulimwengu kamera za bei nafuu zaidi, kama Canonet zilizoanza mwaka 1961 na Yashica Electro 35 iliyofuata katikati ya miaka ya 1960. Kamera nyingi za namna hii zinazookotwa leo makabatini, au kuuzwa kwa mkono wa pili, ni za miaka hiyo. Hazijaisha ulimwenguni: Leica ilirudi kutengeneza M6 ya filamu mwaka 2022.

Jicho kwanza, kamera baadaye

Uchunguzi huanza kwa mtu mwenyewe. Watu waliopita umri wa miaka 45 mara nyingi hulaumu kioo kwa kosa la jicho. Mwenye miwani ya kuonea mbali na aivae wakati wa kutazama, kisha ampe kijana mwenye macho mazuri atazame vile vile. Kijana akikiona kiraka vizuri, kamera ni nzima, na gharama iliyobaki ni ya miwani.

Jambo la pili ni kufuta vioo vya nje, mbele na nyuma, kwa kitambaa laini kilicho safi. Kioo cha nyuma hugusana na nyusi na kope kila siku, nacho hukusanya mafuta na jasho. Na dirisha dogo la mbele hupata alama za vidole kwa sababu liko pale pale vidole vinaposhika. Kamera nyingi zilizohesabiwa kuwa wagonjwa hupona hapa, kwa kazi ya dakika mbili.

Zisipopona, achukue tochi ndogo. Aingie mahali penye giza kidogo, amulike kwa upande wa nyuma, naye achungulie kwa mbele kupitia dirisha kubwa. Halafu ageuze, amulike mbele na kuchungulia nyuma, nuru ikiingia kwa mshazari ili isimchome jicho. Mambo yasiyoonekana mchana hujionyesha hapo: vumbi, ukungu mweupe, nyuzi, madoa meusi, na rangi rangi kama za mafuta yaliyomwagika juu ya maji.

Kisha uje uchunguzi ambao kwa kweli hutenganisha maradhi, nao hauhitaji chombo cho chote ila kiganja cha mkono. Mtu atazame kitu cheupe penye mwanga mzuri, kama ukuta uliopigwa na jua, wenye dirisha au nguzo ya kutazamia. Alizibe dirisha kubwa la mbele kwa kidole au kiganja. Kitazamio chote kitakuwa giza, na kitakachobaki ni picha ya kiraka peke yake. Aitazame vizuri: je, ni angavu na kali, au ni hafifu kama kitu kionekanacho kwa jioni? Kisha aliache dirisha kubwa na kuliziba lile dogo. Sasa kiraka kitatoweka, na kitakachobaki ni picha ya kitazamio. Je, hiyo ni safi, au imefunikwa na weupe?

Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo ya kushika. Kiraka kikiwa kikali kilipokuwa peke yake, lakini kitazamio kina weupe kama wa maziwa, kosa ni uchafu katika njia ya dirisha kubwa. Nuru ya weupe huo humeza kiraka. Hali hii hutibika. Kitazamio kikiwa safi sana, pengine safi kuliko inavyotazamiwa kwa umri wake, lakini kiraka kiwe hafifu hata kilipokuwa peke yake, basi utando wa kioo nusu umepungua. Nuru iliyopaswa kurudishwa sasa inapita yote. Kwa hiyo usafi wa kitazamio wakati mwingine ni dalili mbaya, na wauzaji huusifu kwa kutojua. Yawezekana pia kwamba utando ni mzima na kilichoharibika ni kioo cha upande wa pili, kile kilicho nyuma ya dirisha dogo. Tochi ikimulikwa ndani ya dirisha hilo huonyesha kama kina madoa au ukungu. Tena kiraka na kitazamio vyote viwili vikiwa na giza, hasa giza lenye rangi rangi au lenye ukingo uliochanika, shaka iende kwenye gundi, ambayo itaelezwa mbele.

Ukungu na kuvu

Ukungu mweupe huletwa na mambo mawili. La kwanza ni vumbi laini pamoja na unyevu wa miaka. La pili ni grisi iliyopakwa viwandani ndani ya lenzi na mitambo. Kwa joto hutoa mvuke kidogo kidogo, nao hutua juu ya vioo vyote vilivyo karibu. Kamera iliyowekwa ndani ya motokaa juani hupata ukungu huu mapema.

Kuvu ni jambo jingine. Huonekana kama nyuzi nyembamba zilizotawanyika, mfano wa mizizi au utando wa buibui, nazo huanzia ukingoni mwa kioo zikaelekea katikati. Kuvu hula vumbi na mafuta yaliyo juu ya kioo, na hukua palipo na giza na hewa iliyotulia, unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 au 70 kwa muda mrefu. Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki, toka Lamu hata Mtwara, unyevu hupita kiasi hicho siku nyingi za mwaka. Ndiyo sababu kamera iliyolala kabatini Mombasa miaka kumi hutoka na nyuzi, na mwenzake iliyolala Nakuru huenda ikatoka na vumbi tu. Kuvu changa hufutika. Kuvu ya siku nyingi hutoa asidi inayokula uso wa kioo, na hata ikifutwa huacha alama zake.

Kosa kubwa hapa ni mfuko wa ngozi. Watu huutunza kama heshima ya kamera, lakini ngozi hushika unyevu kama sifongo. Mfuko ukae mahali pake, kamera mahali pake, ndani ya chombo kinachofungika, pamoja na vipakiti vya chembechembe za kukausha unyevu. Mchele haufai kwa kazi hii ijapokuwa wengi huutumia. Una unga, na unga ni vumbi.

Utando wa fedha

Mtu aliyewahi kuona kioo cha ukutani cha zamani, ambacho pembe zake zimeingia madoa meusi na sura ya mtu huonekana humo vipande vipande, ameona ugonjwa wenyewe. Katika kioo cha ukutani fedha hulindwa kwa rangi iliyopakwa mgongoni. Kioo nusu cha kamera hakiwezi kupakwa rangi, kwa sababu nuru yapaswa kupita. Utando wake, uwe wa fedha au wa madini mengine, ni mwembamba mno, na katika kamera nyingi uko wazi kwa hewa. Fedha ikikutana na salfa iliyomo hewani hugeuka nyeusi, kama vijiko na bangili za fedha zinavyogeuka. Moshi wa mkaa wa mawe una salfa, na mpira nao hutoa salfa, hivyo kufungia kamera pamoja na vitu vya mpira si busara.

Dalili zake ni kiraka kinachofifia mwaka baada ya mwaka, madoa ya rangi ya kahawia au nyeusi yanayoanzia ukingoni, au sehemu moja ya kiraka kuonekana na sehemu kupotea. Lakini mtu asidanganywe na rangi. Kamera nyingi za Kijapani zilipakwa dhahabu katika kioo nusu, na dhahabu nyembamba hurudisha nuru ya manjano na kupitisha ile ya kijani na buluu. Basi kiraka cha manjano ndani ya kitazamio chenye ubuluu kidogo si ugonjwa hata kidogo. Mafundi waliipanga makusudi, ili kiraka kitofautiane na picha iliyokizunguka.

Utando uliopungua haurudi. Kinachofaa ni fundi kuondoa kioo kile na kuweka kingine chenye utando mpya, kilichokatwa kwa kipimo kile kile. Unene nao lazima ulingane, kwa kuwa kioo kinene huisogeza picha inayopita ndani yake kwa mshazari, na kipimo chote hupotoka. Na kama kioo cha zamani kina vumbi tu juu ya utando mzima, kipulizwe kwa kipulizo cha mpira cha mkono. Kisisuguliwe. Wala mtu asikipulizie kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu na mate.

Gundi iliyoachana

Maradhi haya huzihusu hasa kamera zilizotumia prizimu zilizogandishwa pamoja, na mfano unaojulikana sana ni Leica M3. Wengi hushangaa kusikia hivyo, kwani M3 ni kamera yenye sifa kubwa, na zaidi ya 220,000 zilitengenezwa. Lakini ubora wake ndio uliompa udhaifu huu. Badala ya kipande chepesi cha kioo nusu, waundaji waliweka prizimu mbili, utando ukiwa katikati yake, zikashikwa kwa gundi. Hivyo utando hauguswi na hewa, wala haufifii upesi kama ule wa kamera za bei nafuu. Uhai wake wote, hata hivyo, unategemea gundi.

Gundi iliyotumika kwa miaka mingi katika kazi za vioo ni balsamu ya Kanada, yaani utomvu wa mti wa jamii ya misonobari uotao Amerika ya Kaskazini. Ilipendwa kwa sababu ni angavu, na nuru hupinda ndani yake karibu sawa na inavyopinda ndani ya kioo, hata mahali pa kuungana hapaonekani. Lakini hukauka na kuwa ya manjano kadiri miaka inavyopita, huvunjika kwa kishindo, na hulainika kwa joto.

Gundi ikiachana, hewa huingia katikati ya prizimu. Hapo kanuni ya nuru humgeukia mwenye kamera. Nuru iliyo ndani ya kioo ikifika penye hewa kwa mshazari unaozidi nyuzi 42 hivi, haipiti tena, hurudishwa yote. Ndani ya prizimu hizi mshazari hukaribia nyuzi 45. Kwa hiyo pengo jembamba kuliko unywele latosha kukifunga kitazamio kama mlango. Mwenye kamera huiangusha juu ya meza, pengine kwa kishindo kidogo tu, akaiinua na kutazama, akakuta giza. Lenzi ni nzima, pazia ni zima, filamu inasonga, bali kitazamio kimezimika.

Mara nyingi kuna onyo kabla ya giza hilo. Tochi ikimulikwa, huonekana mistari ya rangi za upinde wa mvua, au umbo kama la jani au manyoya linaloanzia ukingoni. Pengine upande mmoja wa kitazamio una kivuli kisichofutika. Mtu akiona hayo asiitikise kamera ili kujaribu, asiipashe moto, wala asiruhusu spiriti kufika huko, kwa maana spiriti hupenya ukingoni na kuilegeza gundi iliyobaki. Kazi hii si ya nyumbani. Mafundi wachache wanaojua kugandisha prizimu upya huweza kuiponya, au huitoa prizimu nzima katika kamera nyingine iliyoharibika pengine. Gharama yake huweza kukaribia bei ya kamera ndogo nzuri, na huo ndio ukweli ambao mnunuzi wa M3 apaswa kuujua kabla ya kutoa fedha zake.

Likitoweka jambo moja tu, yaani mistari ya mipaka, huku kiraka na picha vikionekana vizuri, asiogope. Mistari ya M3 hupata nuru kwa dirisha la tatu, lenye kioo kisicho angavu, lililo kati ya madirisha mawili yale. Aghalabu limezibwa na vidole au uchafu.

Picha mbili zisizokutana

Yako maradhi ya mwisho ambayo si ya kioo. Kiraka ni angavu, kitazamio ni safi, lakini picha mbili hazilaliani. Hii ni kazi ya kurekebisha skurubu, si ya kusafisha, na watu wengi huyachanganya mambo haya mawili.

Lenzi iwekwe kwenye alama ya mbali kabisa, kisha mtu atazame kitu kilicho mbali zaidi ya kilomita moja, chenye mstari wa kusimama: mnara wa simu, ukingo wa jengo refu, au mwezi usiku. Picha mbili zapaswa kuwa moja. Zikiachana kwa ubavu, kipimo kimepotoka. Halafu atazame mstari uliolala, kama waya wa umeme au ukingo wa paa. Waya ukionekana mara mbili, mmoja juu ya mwingine, picha ya kiraka imepanda au kushuka. Kosa hili la pili haliharibu kipimo cha umbali lenyewe, lakini huchosha jicho na kumfanya mtu abahatishe.

Jaribio la karibu ni la lazima pia, maana kamera yaweza kuwa sawa kwa mbali na kukosea kwa karibu. Juu ya kamera nyingi mna alama ndogo ya duara lililokatwa kwa mstari. Hapo ndipo ilipo filamu ndani. Kutoka alama hiyo mtu apime mita 1 kamili kwa utepe hadi kwenye gazeti lililobandikwa ukutani, apime kwa kiraka, kisha asome namba iliyo kwenye lenzi. Inapasa kusoma mita 1. Kwa lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/2, eneo lililo kali kwa umbali huo ni karibu sentimita 5 tu, kutoka pua hata sikio haifiki. Hapo kosa dogo la kipimo huonekana wazi katika picha.

Na kama kiraka kimepotea ghafla, na kitu kinasikika kikicheza ndani kamera inapogeuzwa, kioo kimebanduka. Kamera isitikiswe tena. Kipande kile chaweza kukwaruza vingine.

Kwa anayenunua

Muuzaji wa mbali siku hizi hupeleka picha iliyopigwa kwa simu kupitia kitazamio. Picha hiyo isitegemewe sana, kwa kuwa simu huongeza mwanga yenyewe, na kitazamio kilichofifia hutoka kama kizima. Heri kumwomba muuzaji azibe dirisha kubwa kwa kidole na apige picha ya kiraka peke yake, halafu azibe dogo na apige ya kitazamio, mahali pale pale na kwa mwanga ule ule. Anayekataa jambo jepesi kama hilo amekwisha kujibu.

Anayenunua kwa mkono kwa mkono asiridhike na mwanga wa jua nje ya duka. Aingie ndani, atazame taa au mshumaa uliowashwa penye kivuli. Kiraka kizima bado kitaikutanisha miali miwili kuwa mmoja. Kiraka kilichokwisha nguvu huonekana vizuri juani na kutoweka humo ndani, mahali ambapo harusi, ngoma na vikao vya jioni hufanyika.

Kwa mwenye kamera ambayo kiraka chake kimefifia lakini hakijafa, na fundi yuko mbali au fedha haijapatikana, iko njia ya kujisaidia isiyodhuru kitu. Akate kipande kidogo cha utepe mweusi wa umeme, chenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti, akibandike nje, katikati ya dirisha kubwa la mbele. Nuru inayoshindana na kiraka hupungua mahali pale, na picha ya pili hujitokeza. Mahali pa utepe hutafutwa kwa kuusogeza kidogo kidogo huku mtu akitazama. Wengine hubandika kipande cha plastiki angavu ya rangi juu ya dirisha lote badala ya utepe. Kitazamio huwa cheusi kidogo, lakini kiraka huonekana kwa rangi yake. Vyote viwili hubanduliwa bila kuacha alama, kamera ikishapata kioo kipya.